Viti Vilivyobaki Kiringye

Rurambo, tarehe 17 Septemba 2023

Kwako Mama Mdogo Domitille, Makobola,

Nakusalimu kutoka huku juu mawinguni, salamu nyingi kama ndagala wanaovuliwa usiku usio na mwezi. Vipi mgongo wako? Vipi wanawake wa mchangani, na Jolie mwenye mdomo? Mimi na Gracien tu wazima. Nikiandika tu hayo maneno, "mimi na Gracien", kalamu inataka kucheka. Ni juma la sita tangu harusi, na bado kila asubuhi namtazama kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko haki yake, anaogopa muuzaji atamwita.

Mama Mdogo, huku kuna baridi ambayo mtoto wa ziwa hawezi kuiamini. Ukungu unaingia nyumbani bila kubisha hodi, kama mbuzi wa jirani. Gracien anaamka wa kwanza, ananichemshia maji ya kuoga, ndipo aende kituo cha afya. Watu wote wanamwita dokta, ingawa yeye mwenyewe huwaambia kila siku kwamba ni muuguzi. Jioni akirudi anapiga mluzi tangu kule kwenye kilima, nami nikiusikia naweka chai motoni. Mtandao haufiki hapa, nawe simu yako ilikwisha kuzama ziwani, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani. Naona ni vizuri hivyo.

Sasa habari ya viti. Vile viti vya saloni, vya kuweka sebuleni, tulivyopewa na shangazi yangu wa Uvira, Tantine Josée, kile kirefu cha watu watatu, viwili vya mtu mmoja mmoja na meza ya kioo, bado viko Kiringye, kwa rafiki wa Gracien anayeitwa Révérien. Gari haipandi mpaka huku. Révérien anasema wanatakiwa wanaume wanane na siku mbili za kutembea. Nimekwisha kupima nyumba kwa kikwembe changu cha kujifunga: kile kirefu kitatazama mlango, ili anayeingia akione kwanza. Gracien anasema kikiingia hatutakuwa na njia ya kwenda chumbani. Nikamwambia tutaruka. Nataka vifike kabla wamama wa kanisa hawajaja kunitembelea, maana mke wa dokta hawezi kuwakalisha wageni kwenye mkeka.

Anayekuletea barua hii ni Baba Protais, anayeshusha mafuta ya ng'ombe na jibini hadi soko la Mulongwe. Nimemwambia atakukuta upande wa ndagala. Ana kopo la mafuta kutoka kwa mama mkwe wangu, Mama Pétronille. Anasema ni kwa ajili ya ugonjwa wako. Mama Mdogo, siku ya harusi watu wa Gracien waliponiuliza aliyenilea tangu Mama afariki yuko wapi, niliwaambia unaumwa, umebaki Makobola. Mambo yalikuwa mengi siku ile, nitakueleza siku nyingine. Protais akikuuliza, mwambie tu umepona.

Ni mimi mwanao mwenye furaha isiyo na kipimo,
Honorine wa Gracien


Makobola, tarehe 11 Oktoba 2023

Honorine,

Barua imefika, na kopo limefika. Protais alivifunga pamoja, kwa hiyo nimesoma karatasi yenye mafuta. Mimi mzima. Mgongo ni ule ule. Mvua imeanza mapema na ndagala hawakauki, tunawaanika na kuwaanua kama watu wanaocheza. Nimefurahi kwamba mume wako anakuchemshia maji. Usimzoeshe kuacha.

Protais alinikuta sokoni, watu wamejaa. Akasema kwa sauti, "Mama, umekwisha kupona?"

Nikamwuliza, "Minye nilikuwa naumwa nini?"

"Walisema weye hukufika mu ndoa ya mutoto juu ya ugonjwa."

Jolie alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia, "Huyu alikaanga samaki wa mikeke mia na arobaini siku ile, peke yake, nyuma ya sale, ule ukumbi wa harusi. Kama ule ni ugonjwa, minye naomba aniambukize."

Nikasema nimepona. Protais alinitazama, hakuuliza tena. Ni mtu mzima. Nilisema hivyo kwa ajili yako, lakini usinipe tena kazi kama ile. Mdomo wangu haujaizoea.

Mafuta ni mazuri. Mshukuru Mama Pétronille. Sijui umwambie nini kuhusu ugonjwa.

Viti vikipanda mlima, vifunikeni. Sponji ikinywa maji haisahau.

Mama Mdogo wako,
Domitille


Rurambo, tarehe 12 Novemba 2023

Mama Mdogo mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na jua, ndagala wamekauka vizuri na mgongo umetulia. Sisi tunaendelea na mapenzi yetu. Juzi Gracien alikwenda kuzalisha mama mmoja mbali, akarudi na yai moja mfukoni, hakutaka kulila peke yake. Tulilikata katikati kwa uzi. Naapa sijawahi kula chakula kitamu vile.

Protais aliponipa barua yako alitabasamu tu, akaniuliza kama nina chumvi ya kumpa. Nilitaka ardhi ipasuke.

Viti vimenipa hadithi. Wanaume wanne walianza na kiti kimoja cha mtu mmoja, wapime njia. Kwenye kijito cha kwanza mmoja akateleza. Kiti kikakaa katikati ya maji, kimetazama juu ya mto, kama chifu anayesubiri kuamkiwa. Wakakirudisha Kiringye kikauke. Gracien alipohadithiwa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nililia. Naona haya kukuandikia, lakini nililia kweli, kwa ajili ya kiti.

Wamama wa kanisa wakaja kabla sijawa tayari. Gracien alikuwa ametengeneza vigoda vitatu, wengine wakakaa mkekani. Nikaanza kuomba radhi: viti vipo, vinatoka Uvira, vina sponji, vimechelewa tu njiani. Mama Pétronille akasema, "Honorine, kwani tulikuja kutazama viti? Leta maziwa." Wote wakacheka, na wakakaa mpaka jua likatua. Walipokwenda nilibaki nimeshangaa. Hakuna kilichokuwa kimepungua.

Mama Mdogo, sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Katika mahari ilibaki ng'ombe mmoja, yule wa mama. Kwao mtamba huyo hatumwi na mtu. Mama wa kijana anampeleka mwenyewe, anamkabidhi mkononi yule aliyemlea bibi arusi. Tantine Josée alipoahidiwa siku ya harusi alimkataa, akasema, "Huyu si wangu, ni wa yule aliyembeba mgongoni." Basi Mama Pétronille anasema baada ya Noeli atashuka Makobola.

Akikuona atakujua. Alikuona siku ile jikoni. Sijui nifanye nini. Nimefikiria labda umpokelee kwa Tantine, Uvira. Nitakutumia kikwembe kipya na nywele za kusuka, viatu tutaazima, labda hatakufananisha, maana siku ile ulikuwa na moshi na kitambaa. Au kama unaweza kwenda Kalemie kwa wajomba kwa mwezi mmoja, Tantine angempokea kwa niaba yako. Ni mara hii tu. Unajua jinsi ninavyokupenda. Ndoa yangu ni changa, mama mkwe akijua nilidanganya nitaishi naye namna gani?

Nakubusu mikono yote miwili,
Honorine


Makobola, tarehe 6 Desemba 2023

Honorine,

Mimi mzima. Maji ya ziwa yamesogea kidogo, si neno.

Sina haja ya nywele. Kalemie siendi, sina kazi Kalemie.

Siku ya ndoa, Mama Pétronille alipokuuliza mimi ni nani, nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya samaki. Nilisikia ulivyojibu. Nikarudi kwenye mafuta kwa sababu samaki walikuwa wanakaribia kuungua.

Ng'ombe simtaki. Sina pa kumweka.

Uwe na Noeli njema na mume wako.

Domitille


Rurambo, tarehe 28 Januari 2024

Mama Mdogo,

Nakusalimu, ingawa sijui nikusalimu kwa uso gani. Barua hii ni ya nne. Tatu nimezichoma. Njia pia ilikuwa imefungwa tangu Noeli na Protais hakushuka, lakini siwezi kuisingizia njia.

Kwa hiyo ulisikia. Miezi yote hii nilikuwa nakuandikia habari za mluzi na yai, nawe umesikia.

Acha niseme yote, hata yale unayoyajua. Mwezi wa saba, kabla ya harusi, Tantine Josée aliniita kwake akanikalisha kwenye viti vile, bado vina plastiki. Akaniambia, "Hivi ni vyako. Sasa, kwenye meza ya wazazi, nani atakaa kiti cha mama? Hawa ni watu wa ng'ombe. Domitille atakuja na vidole vya samaki, watasema tulimwokota bibi arusi mchangani. Minye nilikusomesha miaka miwili ya mwisho. Nakuachia uchague." Hakunilazimisha. Nilishika ile plastiki, nikasema, "Kaa wewe, Tantine." Sikufikiri hata muda wa kumeza mate. Kisha nikaja Makobola nikakudanganya kwamba viti vya mezani ni vichache, nawe ukasema, "Si neno, samaki wanataka mtu." Nilipokata keki, kipande cha mama nilikipeleka kwa mwingine, wapiga picha wakapiga.

Halafu Mama Pétronille akaniuliza, "Nani ule mama anakaanga samaki vizuri hivi?" Nikasema, "Ni jirani yetu ya Makobola, anatusaidia." Nilisema huku nikitabasamu. Tabasamu hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Nimemwambia Gracien. Alikuwa anakula, akaweka kijiko chini. Akasema, "Kumbe nilikula kwa mkono wa mama mkwe wangu na sikumwamkia." Siku mbili alirudi nyumbani bila kupiga mluzi. Siku ya tatu nikamwomba anisemee yeye kwa mama yake. Akanijibu, "Weye ulisema, weye utasema."

Nikaenda. Alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu. Nilisimulia nikitazama chini, kibuyu kikaendelea, kikaendelea, kisha kikanyamaza. Nilitegemea anitukane. Aliuliza kitu kimoja tu, "Ule mama, si ndiye nilimupatia kipande cha sabuni?"

Sikuwa najua. Kumbe mwisho wa sherehe alikuja kule nyuma akakupa kipande cha sabuni na wali uliobaki, kama watu wanavyowapa wasaidizi. Akaniambia, "Nilimulisha mukwe wangu mabaki." Akajifunika kichwa kwa kikwembe akaingia ndani. Mama Mdogo, kwao wakwe wawili wakikutana mara ya kwanza hupewa maziwa wamekaa, kwa mikono miwili, na hakuna anayesimama. Nimemfanya mama wa watu akose heshima bila kujua. Tangu siku hiyo haingii kwangu. Makobola hataki kusikia. Hana hasira nami, ingekuwa afadhali. Anaona haya, na haya ile niliitengeneza mimi.

Viti nimemwandikia Révérien avipeleke maternite ya Kiringye, wanawake wanaosubiri kujifungua wavikalie. Tantine nimemwandikia pia, kwa heshima. Gracien akaniuliza, "Na weye utakalia nini?" Nikamwonyesha kigoda. Tuna vigoda vitatu, sufuria moja, blanketi mbili. Jioni tunakaa magoti yakigusana kwa sababu nyumba ni ndogo, na nimegundua kwamba hii ndiyo furaha niliyokuwa nakuandikia tangu mwanzo. Nilikuwa natafuta vitu vya kuifunika, kana kwamba iko uchi.

Sikuombi chochote. Sijui hata kama nina haki ya kutia sahihi kama zamani.

Honorine


Makobola, tarehe 2 Machi 2024

Honorine,

Nimesoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma polepole.

Kuna jambo hulijui. Josée alikuja kwangu mchangani kabla hajakuita wewe. Aliniuliza kama nitakaa mezani. Nilitazama miguu yangu, nikamwambia hapana, niacheni na moto. Kwa hiyo kile kiti unachofikiri ulikiuza hakikuwepo cha kuuzwa. Nilikiacha mwenyewe, na usiku ule nililala vizuri. Sikukuambia kwa sababu nilitaka unibembeleze. Ukaja ukaniambia viti ni vichache. Basi na mimi nina sehemu yangu.

Kule nyuma sikuwa na huzuni. Nilikuwa na mafuta mazuri, samaki wapya, muziki nausikia. Walipocheza wimbo wa kuingiza maharusi, nilicheza na mwiko wangu. Mtu akiacha kitu mwenyewe hakimwumi. Nimeacha vingi. Kitanda niliuza ulipoingia shule ya sekondari, na sijawahi kukikumbuka.

Lakini jina la mama sikuliacha. Hilo uliliondoa mkononi mwangu mbele ya mgeni, nami nimeshika sinia, sina mkono wa kulizuia.

Kusamehe kwa karatasi sijui. Karatasi haina uso. Siku ukiweza, njoo.

Mwambie Mama Pétronille sabuni ilikuwa nzuri, ilitoa povu. Niliogea mpaka ikaisha. Asijifiche kwa ajili ya sabuni.

Maji hapa si mabaya sana.

Domitille


Rurambo, tarehe 21 Aprili 2024

Mama,

Protais ameniambia. Ameniambia kwamba ziwa liko kwenye madirisha ya nyumba yako, kwamba mchanga wote wa kuanikia umekwenda, na kwamba tangu mwisho wa mwezi wa pili unalala kanisani pamoja na familia nyingine. Barua yako ya mwisho uliiandikia kwenye benchi la kanisa. "Maji si mabaya sana." Nami nilikuwa nimekuandikia kwamba nililia kwa ajili ya kiti kilicholowa.

Nilifunga nguo zangu siku ile ile. Gracien akanizuia. Nina mimba ya miezi minne, na juma lile nilitoka damu kidogo. Yeye ni mume wangu lakini kwa jambo hili amekuwa muuguzi, hataki nitembee njia ile mpaka mwezi ujao. Kwa hiyo niko hapa, nimelala chali, nalishwa maziwa, nikiona haya kwa kila kijiko.

Maneno yako ya sabuni nilimsomea Mama Pétronille. Akaniambia, "Soma tena pale pa povu." Nikasoma. Jumatano asubuhi nikaambiwa ameondoka. Hakumwambia mtu, hata Gracien. Ameshuka na Protais, pamoja na yule mtamba. Ana miaka sitini na minne na hajawahi kufika ziwani isipokuwa siku ya harusi yetu, ndani ya gari.

Sikumtuma. Nakuomba ujue hivyo. Sikuthubutu.

Kama umempokea vizuri, nitafurahi. Kama umemfukuza, nitaelewa.

Mwanao, kama bado,
Honorine


Makobola, tarehe 19 Mei 2024

Honorine mwanangu,

Fanya anavyosema mume wako. Lala. Usiinue ndoo.

Mama Pétronille alifika siku ya soko, miguu imevimba, amemshika ng'ombe kwa kamba, Protais nyuma yake amebeba viatu vyake. Nilikuwa kwenye uwanja wa kanisa pamoja na Jolie na wengine, tunachambua ndagala. Alisimama akatazama ziwa, akasema, "Maji yote haya, nani anayanywa?" Tukacheka. Hakucheka.

Nikamkaribisha kwenye benchi. Akakataa. Akaniuliza, "Moto yako iko wapi?" Nikamwonyesha. "Na kikaango?" Nikampa. Akasema, "Kaa weye." Nikakaa. Akachukua mikeke miwili niliyokuwa nayo akaitia kwenye mafuta, na magamba, na kila kitu. Mtu wa ng'ombe, amejuaje samaki. Jolie alitaka kunyanyuka amsaidie, nikamkanyaga mguu. Samaki wakaungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki mbichi. Akaweka kwenye sahani, akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili. Nilikula mbele yake mpaka mifupa. Kisha nikampa maziwa ya kopo, ndiyo yaliyokuwepo, naye akanywa akiwa amekaa.

Akasema, "Minye nilikupatia sabuni."

Nikasema, "Na minye nilioga."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka na machozi, akajifuta kwa kikwembe changu, hakuona kwamba si chake.

Halafu akasimama na ile kamba mkononi, akaniuliza mbele ya watu wote, kama vile hajui, "Weye ni nani wa Honorine?"

Nikasema, "Mama yake." Nilisema polepole. Sijui kwa nini, niliona haya, kana kwamba naomba kitu.

Akasema, "Sisikii. Maji inapiga kelele."

Nikasema tena.

Alilala nasi usiku mmoja kwenye mkeka wangu, akarudi na Protais. Ng'ombe nimemfunga nyuma ya kanisa, penye mwinuko. Pasteri analalamika juu ya samadi, lakini asubuhi anapita kumtazama. Watu wengi hapa wananihurumia, na wana haki, nyumba imekwenda. Lakini nina sufuria, mkeka, vikwembe viwili, na moto unawaka. Nikiamka natafuta nilichopungukiwa, mara nyingi naona ni kimoja tu. Nacho kiko Rurambo, kimelala chali.

Na wewe bado hujamaliza. Mwenzako alitembea.

Protais hakufunga mdomo wake, amewahadithia wanawake wote habari ile ya harusi na jibu lako. Sasa Jolie amempa ng'ombe jina. Anamwita Jirani. Wote wanamwita hivyo, asubuhi mpaka jioni: "Domitille, Jirani amekula? Domitille, Jirani ametoroka." Wanacheka, nami nacheka nao kidogo. Nimewaambia waache, hawaachi. Mimi sina la kuwaambia, maana si mimi niliyesema neno lile.

Daktari wako akikuruhusu, shuka. Usilete kitu chochote, wala kikwembe, wala mafuta. Njoo usimame pale uwanjani mbele yao, umpe jina lingine.

Mama yako,
Domitille